Shajara ya kompyuta ya Z80: nani ashike basi, na aliachie lini

15 Juni 2024: Kwa nini sasa

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya kampuni ya Zilog kupokea oda za prosesa ya Z80 inayojitegemea. Tangazo lilitoka Aprili. Ukoo wa Z80 ulianza kuuzwa mwaka 1976, na mimi nimekuwa nikisema "nitaunda kompyuta ya Z80" tangu nikiwa chuo. Nilipoambiwa zinaisha ndipo nikaamka.

Kompyuta ya kawaida ya Z80 siandikii shajara, maana maelezo yake yamejaa kila mahali. Ninachotaka mimi ni basi moja lenye watumiaji watatu: Z80 yenyewe, bodi ya diski inayosoma kadi ya SD na kuandika moja kwa moja kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi), na bodi ya picha inayosoma RAM na kuonyesha maandishi kwenye TV. Hizo mbili nitatumia Arduino Mega za kuiga, yaani bodi ndogo za kompyuta, kwa sababu zina pini nyingi na ninazo tayari.

Kwa mgeni wa mambo haya, basi ni kundi la waya ambazo prosesa, kumbukumbu na vifaa huzitumia kwa pamoja. Z80 ina waya 16 za anwani, 8 za data, na za amri: MREQ ya kuita kumbukumbu, IORQ ya kuita kifaa cha nje, RD ya kusoma na WR ya kuandika. Karibu amri zote husema "ndiyo" zikiwa chini, yaani volti 0. Jina "basi" limetukalia vizuri sisi wa Dar: abiria wengi, usukani mmoja. Wawili wakiushika pamoja, mmoja anavuta waya juu na mwingine anavuta chini, na hapo chipu huanza kupata joto.

Msimamizi wa basi ana kazi mbili: kugawa zamu na kulinda muda. Nilidhani ya kwanza ndiyo ngumu.

29 Juni 2024: Chipu ya bandia

Nilinunua Z84C0008 mbili mtandaoni, shilingi 38,000 pamoja na usafiri. Hii ni Z80 ya CMOS (aina ya chipu inayokula umeme kidogo) ya hadi 8 MHz, yaani mapigo milioni 8 kwa sekunde, na sifa yake kubwa kwa fundi anayejifunza ni kwamba unaweza kusimamisha saa yake (mapigo yanayoiendesha) kabisa na ikakumbuka ilipoishia. Z80 za zamani za NMOS (aina iliyotangulia CMOS) haziwezi. Saa ikiwa ya polepole mno rejista zake (vihifadhi vyake vya ndani) zinasahau.

Niliziwekea 555, chipu ya kutoa saa, ya mapigo mawili kwa sekunde. Moja ilihesabu anwani vizuri. Nyingine ikaruka ovyo, na nilipoigusa ilikuwa kama sufuria ya ugali. Mita ikasoma 130 mA, wakati mwenzake alikuwa anakula chini ya 15. Nikasugua mgongo wake kwa pamba yenye asetoni, maandishi yakaondoka na pamba. NMOS ya zamani iliyopakwa rangi na kuchapwa jina jipya. Muuzaji simtaji, na hela hakurudisha. Nimeagiza nyingine moja kwa 25,000 kwa mtu tofauti, nayo ni halali.

Ukinunua, fanya jaribio la saa ya polepole siku hiyohiyo kabla muda wa kulalamika haujapita.

20 Julai 2024: Mapigo ya kwanza

Bredibodi nne (mbao za kuchomeka chipu na waya bila kulehemu), saa ya 4 MHz, RAM mbili za 62256 (nanosekunde 70, au 70 ns, kila moja, jumla KB 64), 74HC138 ya kuchagua anwani. Waya nane za data nikazishusha chini kwa rezista ili prosesa isome 00 kila mahali, yaani NOP, amri ya kutofanya kitu, nikaangalia LED za anwani zikihesabu. Kazi ya jioni moja.

Kilichonipotezea siku mbili ni kapasita. Nilisahau 100 nF karibu na miguu ya umeme ya kila chipu. Mzee mmoja fundi wa redio hapa mtaani, ambaye ndiye mwenye oskiloskopu (kifaa cha kuchora volti kwenye skrini), alikuja kutazama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye bredibodi, kisha akasema: "Umeme wako mchafu, mwanangu." Kwa mzee huyu kila ugonjwa duniani ni umeme mchafu. Safari hii alipatia.

3 Agosti 2024: Nilidhani RESET inatosha

Kompyuta hii mwanzoni haina ROM, kumbukumbu isiyosahau umeme ukizimwa. Mega ya diski ndiyo inayopaswa kujaza programu kwenye RAM kabla Z80 haijaanza. Wazo langu: nishushe RESET (waya wa kuanzisha prosesa upya), Z80 ilale, Mega iandike, kisha niipandishe.

Baiti takriban nusu zilifika na nusu hazikufika, kila mara tofauti. Z80 ikawa ya uvuguvugu. Oskiloskopu ikaonyesha WR ikikaa kwenye volti 2 na ushee, si juu wala si chini.

Kosa liko wazi ukisoma kitabu cha Zilog kwa makini, na mimi nilisoma kwa haraka. RESET ikiwa chini, Z80 huachia waya za anwani na za data, zinaelea. Lakini waya za amri haiachii. Inazishikilia katika hali ya "hapana", yaani juu. Kwa hiyo Mega ilikuwa inavuta WR chini na Z80 inaivuta juu. Mmoja amelala usingizini huku mkono bado uko kwenye usukani.

Njia halali ni BUSREQ, waya wa kuomba basi. Unaishusha, Z80 inamaliza mzunguko wa mashine ilionao, inaachia anwani, data, MREQ, IORQ, RD na WR zote, kisha inashusha BUSACK kusema "shika". Haisubiri amri nzima iishe, inasubiri mzunguko mmoja tu, ambao mara nyingi ni mapigo matatu au manne ya saa.

Hapo kuna mtego wa pili ulionigharimu Jumapili nzima. Ukipandisha RESET huku BUSREQ iko chini, Z80 hufanya kwanza mzunguko wake wa kwanza: inachota baiti iliyoko anwani 0000, ambayo bado ni takataka, ndipo inaachia basi. Mega inajaza programu nzuri, inarudisha basi, na Z80 inaendelea kutekeleza ile takataka iliyokwisha kuichota. Wakati mwingine haikuwa na madhara. Wakati mwingine ilikuwa amri ya kuandika mahali fulani, na programu yangu ikatobolewa kabla haijaanza.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu: BUSREQ chini, RESET juu, subiri BUSACK, jaza RAM, Mega iachie waya zake zote, RESET chini tena kwa mapigo yasiyopungua matatu, BUSREQ juu, RESET juu.

17 Agosti 2024: Baiti zinazobadilika zenyewe

Programu zinaanza. Lakini kila baada ya kukabidhiana basi mara mia kadhaa, baiti moja ya RAM inabadilika, na si baiti ambayo Mega iliiandika.

Nilishuku RAM, nikabadilisha. Nikashuku programu ya Mega, nikaiandika upya. (Hilo lilikuwa na faida yake: niliacha `digitalWrite`, amri ya Arduino ya kubadilisha pini moja moja, na kuandika kwenye rejista za pini moja kwa moja, na kila baiti ikashuka kutoka zaidi ya mikrosekunde mia hadi takriban moja.) Tatizo likabaki palepale.

Kumbe lilikuwa kwenye pengo. Kati ya wakati Z80 inapoachia waya na wakati Mega inapozishika, hakuna anayezishika. Anwani zikielea si neno, hakuna anayezisikiliza. MREQ na WR zikielea ni hatari, kwa sababu waya usio na mwenyewe huokota kelele za jirani, na WR ikishuka hata kwa nanosekunde 60, RAM ya 70 ns inaweza kuamini imeamriwa kuandika. Iandike nini? Chochote kilichoko kwenye waya za data. Wapi? Popote anwani zinapoelea.

Dawa ni rezista nne za 10k zikivuta MREQ, IORQ, RD na WR juu. Shilingi 400. Tangu hapo nimeendesha makabidhiano milioni moja bila baiti hata moja kuharibika.

Sharti dogo: rezista hizi zinashikilia waya ulio juu tayari, haziwezi kuupandisha haraka. Kwa 10k na mzigo wa bredibodi, kupanda kunachukua karibu nusu mikrosekunde. Kwa hiyo Mega lazima ipandishe WR yenyewe kwanza, ndipo iachie pini. Ukiiachia ikiwa chini, utapata maandishi marefu ya uongo.

14 Septemba 2024: 8 MHz, na saa ya mchana

Nimeongeza EEPROM (ROM inayoweza kuandikwa upya) ya AT28C64B ya 150 ns kwenye anwani E000h ili programu ya usimamizi ikae humo daima. Kwa 4 MHz ilienda. Kwa 8 MHz ikagoma, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Z80 inapochota amri, MREQ hushuka katikati ya pigo la kwanza, na data husomwa mwanzo wa pigo la tatu. Ni pigo moja na nusu. Kwa 8 MHz pigo moja ni 125 ns, kwa hiyo una 187. Toa takriban 60 za MREQ kuchelewa kushuka, toa 30 za data kutulia kabla ya kusomwa, unabaki na 97. Kichagua anwani kinakula 20 hivi. RAM ya 70 ns inapenya kwa tabu. EEPROM ya 150 haipenyi kamwe.

Z80 ina mguu wa WAIT kwa ajili hii. Inautazama kwenye ukingo unaoshuka wa pigo la pili. Ukiukuta chini inaongeza pigo la kusubiri, kisha inautazama tena. Pigo moja la ziada linatoa 125 ns, ambazo zinanitosha.

Kwa uvivu nilitengeneza ucheleweshaji kwa rezista na kapasita. Ilifanya kazi usiku. Ilifanya kazi asubuhi. Saa nane mchana, chumba kikiwa kama tanuri, ikaanza kugoma. Kiwango cha volti ambacho lango linahesabu kuwa "juu" kinahama kidogo, kapasita nayo inahama kidogo, na ukingo wa saa haumsubiri mtu.

Nimeitoa nikaweka 74HC74 moja yenye flip-flop mbili, yaani saketi ndogo zinazokamata hali ya waya kwenye ukingo wa saa. EEPROM ikichaguliwa, ya kwanza inakamata hali hiyo kwenye ukingo unaopanda wa pigo la pili na kushusha WAIT. Ya pili inakamata kwenye ukingo unaopanda unaofuata na kuipandisha. Pigo moja kamili la kusubiri, si zaidi, usiku na mchana. Zote mbili zinafutwa EEPROM ikiachwa.

19 Oktoba 2024: Waombaji wawili

Mega ya picha imeingia. Z80 ina BUSREQ moja na BUSACK moja tu, kwa hiyo wa kuamua kati ya picha na diski lazima awe mtu wa tatu. Zilog walipotengeneza chipu yao ya DMA (ya kuhamisha data bila kupitia prosesa) waliweka miguu ya kupitishana BUSACK kwa mnyororo: aliye karibu na prosesa akiihitaji anaibakiza, asipoihitaji anampa jirani. Ni rahisi, lakini wa mwisho wa mnyororo ndiye wa mwisho daima.

Mimi nilitaka "aliyewahi apewe". Nikachukua 74HC00, chipu ya malango ya mantiki, nikafunga malango mawili yakitazamana: ombi la kwanza kufika linamfungia mwenzake. Kwenye karatasi ni kazuri sana.

Ili kupima, niliandika programu ambapo diski inaandika namba zinazopanda kwenye ukurasa mmoja, na Z80 inazikagua na kuhesabu makosa. Kwa saa moja nikapata makosa 14. Niliondoa bodi ya picha, makosa 0. Nikairudisha, yakarudi.

Analaiza yangu ya mantiki ya bei rahisi, kifaa cha kurekodi waya zikipanda na kushuka (30,000, sampuli milioni 24 kwa sekunde) haikuonyesha kitu. Inaangalia mara moja kila 42 ns, na kilichokuwa kinatokea ni kifupi kuliko hapo. Oskiloskopu ya mzee nayo ni ya 20 MHz. Kwa macho yangu sijawahi kuliona tatizo hili. Nilifika kwake kwa kuondoa kimoja kimoja.

Maombi yanatoka kwenye Mega mbili ambazo kila moja ina saa yake. Hazijuani. Mara chache yatafika karibu wakati uleule kabisa, na hapo ule mfungo wa malango mawili unakuwa kama mizani isiyojua ielemee upande gani: inasitasita katikati kwa muda usio na kikomo maalumu, na katika kusitasita huko kila upande unaweza kuona kibali kwa nanosekunde kadhaa. Kwa binadamu ni kufumba na kufumbua. Kwa RAM ni nafasi ya kutosha.

Kusitasita huku hakuondoki kwa kubadilisha aina ya lango. Unachofanya ni kuacha muda ili kusitasita kuishe kabla hujaamua. Kila ombi sasa linapita flip-flop mbili mfululizo zinazoendeshwa na saa ya basi. Ya kwanza ikisitasita, ina pigo zima la 125 ns kutulia kabla ya ile ya pili kuisoma. Uamuzi wenyewe unafanywa ndani ya ATF22V10C, chipu ya mantiki unayoipangia kazi mwenyewe, tena kwenye ukingo wa saa. Gharama ni kuchelewa mapigo mawili kwa kila ombi. Kwa saa sita, makosa 0.

9 Novemba 2024: Anayeachia kwa mdomo

Nilifurahi mapema. Mwamuzi alikuwa anatoa zamu vizuri, lakini bodi ya picha ikaanza kuonyesha herufi zilizokosewa kila diski inapofanya kazi. Si RAM iliyoharibika, ni usomaji.

Mwamuzi alikuwa akimpa diski kibali mara tu ombi la picha lilipoondoka. Halafu nikatazama programu ya Mega ya picha. Mistari ya mwisho ilikuwa: ondoa ombi, geuza pini za anwani ziwe za kupokea, geuza za amri ziwe za kupokea. Kwa 16 MHz kila amri ya Mega ni 62.5 ns au zaidi, na pini zangu zimetawanyika kwenye rejista tano. Yaani nilikuwa nasema "nimeshuka" huku bado niko kwenye kiti, kwa karibu nusu mikrosekunde. Diski anakaa juu ya mapaja ya picha.

Nimegeuza mpangilio: amri juu, pini zote zigeuzwe, ombi liondolewe mwisho kabisa. Pia nimeongeza hali ya PENGO kwenye mwamuzi, ambapo kwa pigo moja zima hakuna mwenye kibali hata kama kuna anayesubiri.

Nikirudi nyuma kuhesabu, Agosti mara mbili na sasa tena: makosa matatu kati ya yote makubwa yametoka kwa anayeachia, si kwa anayepewa. Mwamuzi nilimtungia mantiki kwa wiki tatu. Kuachia nilikuandika kwa dakika tano.

30 Novemba 2024: Z80 inakufa njaa

Kila kitu ni sahihi sasa, na kila kitu ni cha polepole. Kitanzi kinachopaswa kuchukua sekunde 1 kinachukua sekunde 40.

Bodi ya picha inanakili skrini ya herufi 16 kwa mistari 12, yaani baiti 192, kama mikrosekunde 200. Halafu inaachia. Halafu, kwa jinsi nilivyoiandika, inaomba tena papo hapo. Z80 inapata mikrosekunde tano hivi kati ya zamu na zamu. Diski nayo ilikuwa chini ya picha kwa cheo, kwa hiyo haikupata kabisa. Kadi ya SD ikasoma sekta yake na Mega ikaganda ikisubiri kibali.

TV ya PAL inabadilisha picha mara 50 kwa sekunde, kila 20 ms. Hakuna sababu ya kusoma RAM zaidi ya hapo. Nimeifunga picha iombe mara moja kwa kila fremu, na mikrosekunde 200 katika 20,000 ni asilimia moja. Tatizo limekwisha, lakini kwa heshima ya mtumiaji mwenye adabu tu. Nilitaka mwamuzi amlinde Z80 hata mtumiaji akiwa hana adabu, ikawa hivi:

```
HURU    : yeyote akiomba, BUSREQ chini -> NGOJA
NGOJA   : BUSACK ikishuka, mpe kibali;
          wakiwa wawili, apewe ambaye
          hakupata mara iliyopita     -> SHIKA
SHIKA   : ombi likiondoka             -> PENGO
PENGO   : pigo moja, hakuna kibali    -> PUMZI
PUMZI   : BUSREQ juu, Z80 ipate
          mapigo 16                   -> HURU
```

Cheo kimeondoka, kuna zamu. Na PUMZI inahakikisha basi linarudi kwa Z80 kati ya kila wawili. ATF22V10C iliniishia hapa: ina seli 10 tu za kutunza hali, na hesabu ya mapigo 16 ingehitaji nne zaidi. Nimeweka 74HC161 nje ifanye kuhesabu.

Jambo jingine lilijitokeza siku hiyo. Nikibandika maandishi marefu kupitia waya wa siri­ali unaopitisha biti 9600 kwa sekunde, moja baada ya nyingine, herufi zinapotea. Wakati basi liko kwa mwingine, Z80 haisikii kitu: BUSREQ ina cheo juu hata ya NMI, ombi la dharura ambalo programu haiwezi kulizuia. Kwa 9600 herufi mpya inakuja kila 1.04 ms, na chipu yangu ya siriali inatunza moja tu. Diski ilikuwa inaomba basi kwanza, ndipo inaanza kusoma kadi ya SD, na kadi ikiamua kuchelewa inachelewa kwa milisekunde kadhaa. Sasa Mega inasoma sekta nzima ya baiti 512 kwenye RAM yake yenyewe (ATmega2560 ina KB 8, nafasi tele), ndipo inaomba basi na kumimina kwa nusu milisekunde. Herufi hazipotei.

4 Januari 2025: Wawili mlangoni

Hili ndilo nililolipenda kuliko yote, ingawa lilinilaza macho wakati wa Krismasi.

Mara moja kwa siku, au mara moja kwa siku mbili, kompyuta inaganda. Hakuna joto, hakuna baiti mbovu, hakuna herufi ya ajabu. Kimya. Hata NMI haisaidii, RESET pekee.

Niliacha analaiza ikirekodi mpaka ikagandia mbele yangu. IORQ chini, RD chini, WAIT chini, BUSREQ chini, BUSACK juu. Vyote vimetulia hivyo milele. Nilikaa na chai mbele ya picha hiyo kama dakika kumi kabla haijasema chochote.

Z80 huuliza diski "uko tayari?" kwa amri ya IN. Nilipokuwa nikitengeneza bodi hiyo niliifanya diski ishushe WAIT mpaka iwe na jibu. Mara nyingi jibu linakuja haraka. Lakini kama wakati huohuo diski imekwisha kuomba basi, inakaa ikisubiri BUSACK kabla ya kurudi kushughulikia jibu. Na Z80 haitoi BUSACK mpaka imalize mzunguko wake, na mzunguko hauishi mpaka WAIT ipande. Diski inamngoja Z80, Z80 inamngoja diski. Mwamuzi hana kosa, aliomba basi kwa niaba ya diski kama alivyoagizwa.

Nilifikiria kuweka saa ya kuvunja mgando. Niliiacha, kwa sababu ingeficha kosa badala ya kuliondoa. Nimebadilisha mkataba wenyewe: bodi ya diski haishiki WAIT kamwe kwa ajili ya kazi. Rejista moja ya 74HC574 inatunza hali yake, Z80 ikiuliza inasoma rejista hiyo moja kwa moja bila Mega kuamshwa, na biti ya 7 ikiwa 1 maana yake "nina kazi, rudi baadaye". WAIT imebaki kwa EEPROM peke yake, ambayo haiombi basi.

Nimeweka pia LED tano kwenye ishara zilezile tano. Bei yake ni ndogo kuliko chai niliyokunywa nikitazama.

1 Februari 2025: Hali ilivyo, na hesabu

Jaribio la namba zinazopanda limeendeshwa saa 72 mfululizo kwa 8 MHz, picha na diski zote zikiwa kazini, umeme ukikatika mara mbili nikalazimika kuanza upya. Mara ya tatu ikafika mwisho. Makosa 0, mgando 0.

Gharama kwa shilingi: Z84C0008 mbili za kwanza 38,000, ya tatu 25,000. Mega mbili 90,000, ingawa nilikuwa nazo. RAM 9,000. Bredibodi 24,000. ATF22V10C tatu 21,000, mojawapo niliigeuza nyuma mbele ikafa. EEPROM 12,000. Kisoma kadi ya SD 5,000. Analaiza 30,000. Chipu za 74HC, rezista, kapasita, LED na waya 15,000. Jumla 269,000. Kifaa cha kuandikia ATF22V10C niliazima.

Anayeiga aanze bila bodi ya picha. Aweke rezista nne za 10k kabla ya kitu kingine chochote, na aandike kwanza zile hatua za Mega kuachia pini, ndipo aandike za kushika. Akibaki 4 MHz hahitaji saketi ya WAIT, na akitegemea diski kujaza RAM anaweza kuiacha EEPROM kabisa.

Kinachofuata ni kuhamisha yote kwenye ubao wa kulehemu, kwa sababu bredibodi hii ikiguswa na paka WR inakatika. Oskiloskopu nimeirudisha. Mzee alipoambiwa kwamba kosa la Januari lilikuwa prosesa na diski kungojeana, alitafakari kidogo, kisha akaniuliza kama nimepima umeme.